Kofia ya mgodini siyo helmeti ya boda: Segese wavae nini, na nani alipe?

Kwenye mkanda wa dhahabu kuanzia Kahama mpaka Geita, kila mtu anajua maana ya vifaa vya kinga. Mgodi mkubwa kama Bulyanhulu hauingii bila kofia ngumu, buti na reflekta. Getini unarudishwa, hakuna mjadala.

Lakini zamu ikiisha, mtu huyohuyo anavua kila kitu, anavaa malapa, anapanda bodaboda bila helmeti na kurudi nyumbani kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa kwenye vumbi.

Kinga anaijua vizuri. Tatizo ni kwamba mgodini kuna anayemlazimisha kuivaa na kuna anayeilipia. Barabarani hayupo wa kumlazimisha, na wa kuilipia pia hayupo.

Segese ni kata iliyopo Halmashauri ya Msalala, wilayani Kahama, mkoani Shinyanga. Hapa pikipiki ndiyo daladala, ndiyo lori, na saa nyingine ndiyo gari la wagonjwa. Inabeba abiria, inabeba viroba vya mawe kutoka kwenye maduara kwenda karasha, inabeba mama mjamzito usiku. Kwa hiyo swali la nini avae dereva na abiria wake siyo swali la fasheni. Ni swali la nani atarudi nyumbani na miguu yote miwili.

Tulichambue kipande kwa kipande.

Kofia ya mgodini haikusaidii

Tuanze na kosa ambalo kwenye maeneo ya machimbo ni rahisi sana kulifanya: kupanda pikipiki na kofia ya mgodini au ya ujenzi. Mtu anaona ni ngumu, ni kofia, trafiki akimwona kwa mbali anamwacha apite.

Ile kofia imetengenezwa kwa kazi nyingine. Inazuia kitu kinachodondoka kutoka juu, kama jiwe au nyundo. Ndani yake kuna mikanda inayoiacha ikae juu kidogo ya kichwa ili kishindo kisifike moja kwa moja kwenye fuvu. Pembeni, usoni na kisogoni kinga yake ni ndogo sana. Nyingi hazina hata mkanda wa maana wa kidevuni.

Sasa mtu akianguka na pikipiki hadondokewi na kitu. Yeye ndiye anadondoka. Anatua na upande wa kichwa, paji la uso, kidevu au kisogo, na kofia ya mgodini inachomoka kabla hata hajafika chini.

Helmeti ya pikipiki inafanya kazi tofauti. Chini ya lile ganda la nje kuna povu gumu jeupe, linalofanana na lile linalofungiwa televisheni mpya kwenye boksi. Ukigonga, povu linabonyea, na kule kubonyea ndiko kunakokula nguvu ya kishindo kabla haijafika kwenye ubongo. Ganda peke yake, hata liwe gumu kama chuma, haliwezi kazi hiyo.

Ndiyo maana helmeti iliyogonga chini kwa nguvu mara moja, kazi yake imekwisha. Povu likishabonyea halirudi, hata kama nje inang'aa.

Hesabu ya duara la mita sita

Kuna maneno utayasikia kwenye kila kijiwe: "Kaka, mimi naendesha mdogomdogo, helmeti ya nini?"

Tupige hesabu. Kugonga kitu kisichosogea, kama mti au ukuta, ukiwa kwenye kilomita 40 kwa saa ni sawa na kudondoka kutoka urefu wa mita 6 hivi. Mchimbaji yeyote anajua maana ya kudondokea kwenye duara la mita sita. Hakuna anayesema huko ni kudondoka mdogomdogo.

Hata ukiondoa kasi kabisa, kichwa cha mtu aliyekaa kwenye pikipiki kipo karibu mita moja na nusu kutoka chini. Pikipiki ikilala tu na kichwa kikatua kwenye jiwe, kinafika chini kwa kasi inayokaribia kilomita 20 kwa saa. Hiyo inatosha kumuumiza mtu ubongo.

Marekani kuna uchunguzi maarufu uliotoka mwaka 1981, ulioongozwa na Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California. Walichambua ajali 900 za pikipiki kwenye eneo la Los Angeles. Kwenye nusu ya ajali hizo, kasi ya wakati wa kugonga haikuzidi karibu kilomita 35 kwa saa. Yaani mwendo wa boda anayekatiza gulioni.

Na helmeti inasaidia kiasi gani? Mapitio ya tafiti 61 yaliyochapishwa na mtandao wa Cochrane mwaka 2008 yalionyesha kuwa helmeti inapunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69, kwa wale wanaopata ajali.

Hakuna kifaa kingine cha mwilini kinachokaribia hapo. Kwa hiyo kama una hela ya kitu kimoja tu, usijiulize mara mbili. Nunua helmeti.

Helmeti ya kweli unaijuaje?

Hapa ndipo wengi tunapigwa. Vietnam wameshapitia hii. Tarehe 15 Desemba 2007 walianza kulazimisha helmeti kwa kila anayepanda pikipiki, dereva na abiria. Ndani ya muda mfupi karibu kila mtu alikuwa amevaa. Halafu likaja tatizo la pili: masoko yakajaa kofia nyepesi za plastiki zenye sura ya helmeti, zilizonunuliwa kwa ajili ya kumridhisha polisi.

Dukani Kahama au gulioni Segese huna maabara. Lakini una macho na mikono. Angalia haya:

- Povu. Vuta kitambaa cha ndani kidogo. Ukikuta sponji laini tu kama la godoro, au plastiki tupu, rudisha. Unatafuta povu gumu lenye unene wa sentimita mbili na zaidi.
- Alama. Tafuta alama ya TBS, au ECE yenye herufi E ndani ya duara na namba. Stika inaweza kughushiwa, kwa hiyo alama bila povu isikudanganye.
- Saizi. Vaa, funga mkanda, kisha tikisa kichwa. Helmeti ikicheza peke yake, ni kubwa. Halafu shika nyuma kwenye kisogo uivute kuelekea mbele. Ikichomoka kirahisi hivyo dukani, barabarani itachomoka mapema zaidi.
- Mkanda. Fungua na funga mara kadhaa. Helmeti isiyofungwa mkanda ni sawa na helmeti iliyoning'inizwa kwenye saiti mira.
- Kioo. Kwa vumbi la huku wakati wa kiangazi, helmeti yenye kioo inakulinda hata kabla ya ajali. Mdudu au kokoto kwenye jicho inatosha kukuangusha. Kioo kikishachubuka sana badilisha, maana usiku taa za lori zitakupofusha.

Na helmeti ya mtumba? Shida ya mtumba ni kwamba historia yake huijui. Inaweza kuwa imeshagonga barabara ya watu wengine huko ilikotoka. Kama lazima ununue, kagua povu lote kwa vidole. Ukikuta sehemu iliyobonyea au ufa, achana nayo.

Ngozi yako dhidi ya kokoto

Baada ya kichwa, kinachoumia sana ni miguu, mikono na ngozi. Kwenye kokoto na changarawe, kuburuzika mita chache tu kunaondoa nyama.

Watengenezaji wa nguo za pikipiki Ulaya walikuwa na kipimo cha hili. Kitambaa kiligusishwa kwenye mkanda wa msasa uliokwenda mita 8 kwa sekunde, karibu kilomita 29 kwa saa, halafu walihesabu kitachukua muda gani kutoboka. Chini ya kiwango hicho cha zamani, EN 13595, sehemu zinazogonga sana kama goti na kiwiko zilitakiwa kustahimili sekunde 4 kwa daraja la kwanza na sekunde 7 kwa daraja la pili. Jinzi ya kawaida mara nyingi haifiki hata sekunde moja.

Kwa hiyo jinzi ni afadhali kuliko kaptula, lakini usiihesabu kama ngao. Na yale majaketi mepesi ya nailoni ambayo madereva wengi huvaa asubuhi kwa ajili ya baridi yana ubaya wa ziada. Yakisuguliwa barabarani yanapata moto, yanayeyuka na kugandia kwenye kidonda.

Mwaka 2011 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya kufuatilia waendesha pikipiki 212 waliopata ajali. Waliovaa jaketi la pikipiki walikuwa na uwezekano mdogo wa kulazwa kwa asilimia 21. Suruali ya pikipiki ilipunguza kwa asilimia 51. Glavu zilipunguza kwa asilimia 59.

Lakini utafiti huohuo ulikuwa na habari mbili zisizopendeza. Ya kwanza, zaidi ya robo ya nguo hizo zilichanika au kutoboka kwenye ajali: majaketi asilimia 29.7, suruali 28.1 na glavu 25.7. Hiyo ni nchi tajiri, nguo za bei mbaya. Kuandikwa "ya pikipiki" siyo dhamana.

Ya pili, hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba nguo hizi zinazuia mfupa kuvunjika. Zinakuokoa na kuchubuka, kuchanika na vidonda vinavyooza. Mguu uliobanwa kati ya pikipiki na lori hauokolewi na suruali.

Kwa hiyo kinga ya kwanza kabisa inabaki kuwa mwendo, breki na kutopakia mishikaki. Nguo inakuja pale hayo yote yameshashindikana.

Vaa ulichonacho tayari

Sasa uzuri wa kuishi kwenye ukanda wa machimbo ni huu: vifaa vingine vizuri tayari vipo mtaani, tunavitumia kwenye kazi moja na kuvisahau kwenye nyingine. Ukiachana na ile kofia, vingi vinafaa barabarani.

Buti za usalama. Hizi ndizo zawadi kubwa ya mgodi kwa boda. Zinafunika kifundo cha mguu, zina soli ngumu na ngozi nene. Ule utafiti wa Australia ulikuta kuwa hata buti za kawaida, zisizo za pikipiki, zilihusishwa na majeraha machache ukilinganisha na raba. Buti pia zinazuia kitu kinachowaunguza abiria wengi, ekzosi. Muhimu kamba zichomekwe ndani, zisije zikashikwa na gia.

Gamboti. Ni afadhali kuliko malapa na yeboyebo, hasa masika. Lakini linapwaya na linachomoka mguuni. Kama ndilo ulilonalo, chagua linalobana.

Reflekta. Inafaa sana, na ni rahisi. Kwenye vumbi la jioni, dereva wa lori anaona mstari unaong'aa kabla hajaona mtu. Ila ioshe. Reflekta iliyojaa vumbi jekundu ni fulana tu.

Ovaroli ya pamba nzito. Siyo nguo ya pikipiki, lakini inafunika mikono na miguu yote na haiyeyuki kama nailoni. Ukiwa na uwezo, mpelekee fundi cherehani aongeze tabaka la turubai au ngozi kwenye magoti na viwiko.

Glavu za ngozi. Mtu akianguka anatanguliza mikono bila kufikiri. Za fundi wa kuchomelea ni nene mno kwa klachi. Tafuta za ngozi nyembamba zinazofika kwenye kifundo cha mkono, ujaribu klachi na breki kabla ya kuzitegemea.

Kinga za magoti. Zile za plastiki za kuvaa juu ya suruali zinauzwa maduka mengi ya vipuri. Zinasaidia ikiwa hazizunguki mguuni. Vaa, chuchumaa, simama, tembea. Zikishuka, mkanda hautoshi.

Kwa hiyo mpangilio wa kununua kidogokidogo uwe hivi: helmeti, buti, glavu, halafu suruali na jaketi zito, mwisho kinga za magoti na viwiko. Reflekta iwepo tangu siku ya kwanza.

Na abiria je?

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka helmeti kwa pikipiki. Kanuni za leseni za pikipiki za biashara za mwaka 2010 zikaongeza uzito upande wa boda: abiria mmoja, na kofia kwa dereva na abiria.

Hali halisi tunaijua. Helmeti ya pili haipo, au ipo imefungwa kwenye tenki kama pambo. Abiria naye akipewa anakataa. Anaogopa jasho la watu, anaogopa chawa na mba, dada ametoka kusuka asubuhi.

Hofu hiyo ni ya kweli, siyo ya kudharau. Lakini ina dawa ya bei ndogo: kitambaa chembamba kichwani kabla ya kuvaa, na dereva kuanika helmeti juani na kufuta ndani kila jioni. Abiria wa kila siku anaweza kabisa kuwa na helmeti yake mwenyewe, kama anavyokuwa na mwamvuli.

Na inawezekana kubadilika. Kigali, abiria wa pikipiki kupewa helmeti ni jambo la kawaida kabisa, hakuna anayeshangaa. Kampala, kampuni ya SafeBoda iliyoanza mwaka 2014 ilijenga jina kwa kuwa na madereva wenye helmeti ya pili ya abiria. Abiria walianza kuichagua kwa sababu hiyo.

Hapo kuna somo la biashara. Boda wa Segese mwenye helmeti ya pili iliyo safi ana kitu ambacho mwenzake wa kijiwe kilekile hana.

Nani alipe?

Sasa tufike kwenye kiini. Boda wengi hawamiliki pikipiki. Wapo kwenye mkataba au wanapeleka hesabu kwa bosi. Jioni ikifika bosi anataka hesabu yake, mafuta yameshaliwa, nyumbani wanasubiri unga. Helmeti nzuri inakula hesabu ya siku kadhaa. Kumwambia mtu huyu "jali maisha yako" bila kugusa hela ni kumhubiria tu.

Tena ajali ikitokea, gharama inamwangukia yeye. Bima ndogo, ile ya lazima, inamlipa mtu wa tatu aliyeumizwa. Dereva mwenyewe haimlipi. Akivunjika mguu, hospitali ni yake, siku za kulala ndani ni zake, na mkataba wa pikipiki unaendelea kuhesabiwa au pikipiki inachukuliwa. Familia inauza ng'ombe.

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Hiyo ni hatua. Lakini bima ya afya inalipia matibabu. Haimlipii mtu miezi sita ya kukaa bila kazi.

Kwenye halmashauri kama Msalala zipo njia tatu za kufanya kitu, na mbili za kwanza zipo tayari kwenye sheria.

Ya kwanza ni mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Vikundi vingi vya vijana huombea pikipiki. Sharti moja tu lingebadilisha mambo: hakuna pikipiki ya mkopo inayotoka bila helmeti mbili zenye viwango na jozi moja ya buti, vyote ndani ya bei ya mkopo. Kwenye bei ya pikipiki nzima, nyongeza hiyo ni ndogo na inalipwa kidogokidogo.

Ya pili ni fedha za migodi. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yanataka kampuni ya madini ikubaliane na halmashauri mpango wa kila mwaka wa kusaidia jamii. Tunajenga madarasa na zahanati, vizuri sana. Lakini zahanati inampokea mtu akiwa ameshaumia. Kununua helmeti kwa jumla, zenye viwango, na kuziuza kwa bei nafuu kupitia vijiwe ni kazi inayoingia kwenye mpango huo bila shida.

Ya tatu haihitaji hela ya serikali. Ni mkataba kati ya bosi na dereva. Bosi anabadilisha matairi kwa sababu pikipiki ni mali yake. Basi aandike kwenye mkataba kwamba helmeti mbili ni sehemu ya pikipiki, kama taa na breki. Dereva aliyelazwa hospitali haleti hesabu. Kwa bosi, hiyo ni hesabu rahisi.

Na trafiki wana sehemu yao. Faini ya kutovaa helmeti ikitozwa bila kuangalia ni helmeti gani, tutapata kile walichopata Vietnam: plastiki nyingi vichwani, na kofia za mgodini. Askari akigonga ganda kwa kidole na kuangalia mkanda kidevuni, ujumbe utafika haraka kuliko semina.

Cha kufanya leo

Kama wewe ni dereva, itoe helmeti yako, vuta kitambaa, angalia kama kuna povu. Kama halipo, unaendesha na bakuli kichwani.

Kama wewe ni abiria, kabla ya kuuliza bei uliza helmeti. Boda watano wakikosa safari yako asubuhi moja kwa sababu hiyo, wa sita atainunua.

Kama wewe ni bosi, kabla ya kupokea hesabu ya jioni, mwangalie dereva wako miguuni. Akiwa na malapa, ujue mali yako inaendeshwa na mtu ambaye ajali ndogo tu itamlaza ndani wiki nzima.

Mgodini tulijifunza kwamba hakuna kazi ya haraka kiasi cha kuingia bila kinga. Sheria hiyohiyo ihamie barabarani. Na ile kofia ya mgodini uiache getini, kazi yake inaishia pale.